Ndugu Eustace Masele, Aliyebisha Hodi Kabla ya Kuandika Jina la Mtu

Ndugu wasomaji wa jarida letu, na hasa ninyi mliopita kwenye Kozi ya Sheria za Magazeti na Redio, asalaam aleikum, na kwa wenzangu Wakristo, Tumsifu Yesu Kristo. Hamjambo na watoto? Afya zenu zinaendeleaje na mvua hizi? Sisi hapa Tabora tu wazima, namshukuru Mwenyezi Mungu, ila chuo kimepoa kidogo.

Tarehe 31 Desemba 1979 Ndugu Eustace Masele anastaafu baada ya miaka thelathini ya kazi, kumi na mmoja kati ya hiyo akiongoza kozi yenu. Nimeombwa niandike mimi, mpiga chapa wake, ingawa shule yangu iliishia darasa la nne, maana kila karatasi yake imepita mikononi mwangu. Na nina haja yangu pia, sifichi. Bodi ya chuo inakutana tarehe 19 Januari kuamua kama Wiki ya Hodi iendelee akishaondoka. Petroli ni taabu, na wapo wanaosema safari zile ni matembezi tu.

Ndugu Masele ni mzaliwa wa Usinge. Babu yake alikuwa mpagazi wa misafara ya Ujiji. Yeye alianza mwaka 1949 akiwa karani wa baraza, akaandika kesi za watu mpaka vidole vikaota sugu. Mwaka 1968, vijiji vilipoanza kuwa na magazeti yao, alipewa kazi ya kuwafundisha wahariri wa vijijini na watangazaji kashfa ni nini, na mtu anayetajwa ana haki gani.

Hapo ndipo alipoanzisha Wiki ya Hodi. Mwanafunzi akitaka kumtaja mtu kwa ubaya, sharti aende mpaka mlangoni kwake, abishe hodi, amsomee habari yote, aandike na jibu lake. Kisha mtu huyo anaweka dole gumba kwenye karatasi. Si kwamba amekubali, la, ni kwamba amesomewa. Bila dole, mimi sipigi chapa. Basi mazoea yakamwingia hata kanisani. Siku moja padre akitangaza ndoa, Ndugu Masele alimnong'oneza jirani yake, "Bwana harusi amesomewa lakini?" Benchi zima likacheka, padre ikabidi aanze tangazo upya.

Lakini niwaambie la mwaka 1974, maana wengi mnalisikia nusunusu.

Wageni wa wizara walikuwa waje Jumatatu kukagua kama kozi ifungwe. Alhamisi, mwanafunzi mmoja, Raymundi, akaleta habari kwamba Bi Mwanahawa, mwuza duka la ujamaa la Goweko, anatoa sukari kwa mlango wa nyuma. Dole halikuwepo. Ndugu Masele alitaka gazeti la kozi liwe tayari wageni wakifika. Akaniambia, "Bi Zamda, piga tu, kwa leo." Nikapiga. Mungu anisamehe, nilijua.

Nakala arobaini zilifika Goweko Ijumaa. Jumapili tukaletewa habari kwamba wanakijiji wamemnyang'anya Bi Mwanahawa ufunguo wa duka, na wanawake kisimani hawamwitikii salamu. Na ukweli? Halmashauri ya kijiji yenyewe iliamua kilo kadhaa ziende zahanati kwa uji wa watoto wagonjwa, zipitie nyuma ili foleni isije juu. Imeandikwa kwenye kumbukumbu za kikao.

Angeweza kunyamaza mpaka wageni waondoke. Jumatatu asubuhi nilimkuta ameshafunga vitabu vyake kwenye sanduku, kama mtu anayengoja kufukuzwa kazi. Akawaambia wageni, "Leo hakuna darasa. Nimemchafulia mtu jina. Tunakwenda Goweko." Wakatazamana, wakapanda Landrova. Nami nikapanda.

Mbele ya mkutano wa kijiji aliisoma habari ile ya uongo, akasoma kumbukumbu za kikao, kisha akasema, "Raymundi ni mwanafunzi. Aliyeruhusu ni mimi." Mama mmoja, Koleta, akapaza sauti, "Ee! Kumbe na mwalimu anachapwa!" Watu wakacheka. Bi Mwanahawa hakucheka.

"Soma tena, Mwalimu. Wale wa nyuma hawajasikia."

Alisoma mara tatu, jua la saa saba kichwani. Alipomaliza akamsogezea karatasi na kidau cha wino. Bi Mwanahawa akakitazama kile kidau.

"Dole la nini? Mimi naandika." Akachukua kalamu, akaandika jina lake lote na la baba yake, taratibu, herufi kubwakubwa. Mwenyekiti akamrudishia ufunguo pale pale.

Tukiwa njiani kurudi, mkubwa wa wale wageni alimwuliza Ndugu Masele, yeye mgeni aandike nini kwenye ripoti ya wizara. Akajibu, "Andika ulichokiona." Kozi haikufungwa. Tangu siku ile hajaniambia tena "piga tu."

Ndugu Masele, tunakushukuru wewe na mkeo, mama Bernadeta, aliyekuvumilia. Mungu akupe afya, mvua za kutosha shambani, na wajukuu wa kukusumbua.

Nanyi mliofundishwa naye, bodi haikuwepo Goweko. Itasoma barua tu. Basi kila mmoja aniandikie, hata mistari mitatu: alikwenda mlangoni kwa nani, na alichokisikia huko kilibadili nini kwenye habari yake. Msikawie tafadhali, nizipate kabla ya tarehe 19 Januari.

Ndimi Zamda Abbasi,
Chumba cha mashine.