Maisha ya Octave Kalonda, aliyezama na mashua ya Bwana Wauters

Wazee, wamama, Bwana Katekista, na wewe mujomba wetu Gaston, uliyekaa kule nje na wajomba wengine, majembe juu ya magoti, mkikataa kuchimba kaburi, nyamazeni kidogo, maana haya ninayosoma ndiyo jibu lenu, na mimi Victorine, dada mukubwa wa marehemu, macho yangu hayapendi kusoma jambo moja mara mbili.

Octave Kalonda alizaliwa hapa Lusangi mwaka wa 1903, alibatizwa Kasongo tarehe 15 Agosti 1911, akasoma shule ya mapadri tangu 1912 hadi 1917, kusoma alijua vizuri, kuandika nusu, kuimba hakujua kabisa, ijapokuwa kanisani alipenda kukaa mbele. Tarehe 20 Juni 1927 alifunga ndoa na Léocadie, binti wa Kabambare, mwanamke asiyesema sana, ndiyo maana walielewana, kwa kuwa Octave alisema kwa wawili. Walizaa watoto wanne, wawili mbele ya kaburi yake na wawili nyuma ya kaburi yake, na hilo nalifikia.

Mwaka wa 1934 aliingia kazi kwa Bwana Wauters, muzungu wa magazini, mwenye duka pale Kabambare, aliyekuwa na mashua nyeupe ya tanga kule ziwani, Albertville, mashua isiyovua samaki wala kubeba mizigo, ya kutembea tu siku za mapumziko na kurudi pale pale ilipotoka, na Octave, ambaye maji yote aliyoyajua ni mto Luama, akawekwa kushika kamba. Tarehe 14 Agosti 1938, wakiwa mbali na ukingo, Bwana alitaka kula, Octave akafunga kamba ya tanga kwa fundo ngumu ili apate mikono ya kumkatia nanasi, upepo wa kusini ukaja ghafula, fundo ikakataa kufunguka, mashua ikalala ubavu, ikazama. Bwana na rafiki zake waliokotwa na wavuvi, Octave hakuonekana.

Hapa ilifika habari fupi tu, kwamba mashua imepotea na Kalonda amepotea nayo. Tulilia. Kwa kuwa maiti haikupatikana, wajomba walikata shina la mugomba, urefu wa Octave, wakalivika shati yake ya Jumapili, wakalizika nyuma ya nyumba, kama ukoo wetu unavyomfanyia mutu aliyechukuliwa na maji, Léocadie akanyolewa, sisi wote tukalala chini.

Tarehe 2 Mei 1939 Octave alifika kwa miguu, mifupa mitupu, akasema, "Jambo, iko chakula?" na Léocadie akatupa mchi, akakimbia mpaka kwa katekista. Kumbe aliokotwa na mtumbwi wa ng'ambo, akajificha Kigoma kwa woga, maana kamba aliifunga yeye, hilo hakulificha hata siku moja, na woga wenyewe ulikuwa wa bure, Bwana Wauters alikuwa amekwisha kununua motokari na kusahau mashua. Mujomba Gaston akasema mutu aliyekwisha kuliliwa hapiti mulangoni, basi ukuta wa nyuma ukatobolewa, na baba wa watoto wawili akaingia nyumbani mwake akitambaa kama mutoto anayezaliwa, akaomba shati yake, akajibiwa iko kaburini.

Tangu 1940 hadi 1956 alikuwa kapita, musimamizi wa wafanyakazi wa barabara ya Kabambare na Kasongo, akisema barabara haizami, na kila mwaka, Siku ya Wafu, alipalilia kaburi yake mwenyewe na kufukuza mbuzi za jirani. Mwaka jana miguu ilianza kuvimba, tarehe 9 Januari 1957 tulimpeleka lopitali ya Kasongo, daktari akasema ni moyo, akarudi hapa kwa kutaka mwenyewe, akafariki jana, tarehe 3 Machi, alfajiri.

Sasa mujomba Gaston anasema mutu haliliwi mara mbili, kilio cha pili kinaita maiti ya pili katika ukoo. Sawa, mujomba. Nani ametaka kilio cha pili? Kwetu kilio kinafungwa kwa kusoma maisha ya marehemu, na mwaka ule hayakusomwa, wewe mwenyewe ulinishika mkono ukasema, "Soma, mwipwa, watu waende nyumbani," nikakataa mbele ya wote, kwa sababu hakuna aliyejua amekufaje, na mimi sisomi maisha ambayo mwisho wake haujulikani. Kilio ni kile kile, kimechelewa tu, na leo maisha yake nimeyasoma mpaka mwisho. Kaburi mpya hatuombi, mufungue ile ya zamani, mugomba umeoza, nafasi iko.

Tunashukuru daktari na mamasere, wale watawa wa lopitali, majirani walioleta kuni na muhogo, hata mwenye zile mbuzi, na watu wa barabara waliombeba marehemu, akiwa bado hai, kwa zamu kutoka Kasongo.

Haya, Gaston amesimama, nimeona jembe lake. Octave, ndugu yangu, machozi yako nilikulipa zamani, usiningojee mengine. Nyumba hii uliingia kwa shimo la ukuta, leo unatoka kwa mulango, na shati yako inakungoja. Pumzika kwa amani, na safari hii ubaki huko.