Bibi Maumivu Anastaafu, na Wajukuu Wake Ni Wengi Mno

Leo ni Ijumaa, tarehe 28 Novemba, na naahidi kusema yote, hata yale ambayo mwalimu wangu wa Kiswahili angeyapigia mstari mwekundu.

Leo bibi yangu anastaafu baada ya kukitumikia chuo hiki cha udaktari kwa miaka thelathini na moja. Alianza kama muuguzi wa wodi ya kinamama. Baadaye akahamishiwa katika kitengo kinachochunguza jinsi wanafunzi wa udaktari wanavyofundishwa, wanavyofanya katika mitihani, na wanavyosaidiwa wanapokwama. Mkuu wa kitengo hicho ndiye aliyeniomba mimi, mjukuu wake wa kidato cha tatu, niandike ukurasa huu wa kijitabu cha sherehe. Alisema wafanyakazi wenzake wangeandika "mchapakazi" na "mwadilifu" mpaka karatasi ijae. Nilikubali upesi, maana nilikuwa na langu moyoni. Ninawaonea wivu ninyi nyote mnaosoma hapa.

Kwa wageni ambao hawaijui kazi yake, nitaeleza. Mwanafunzi wa udaktari hujifunza kuzungumza na mgonjwa kabla hajakabidhiwa mgonjwa. Kuna chumba chenye kitanda, viti viwili na kioo kikubwa ukutani. Mwanafunzi akitazama kioo anajiona mwenyewe, lakini watafiti walioketi upande wa pili wanamwona yeye. Kitandani hulala bibi yangu akiwa na ugonjwa wa siku hiyo. Leo figo, kesho moyo, wiki ijayo mimba iliyoharibika. Ndiyo maana chuo kizima kinamwita Bibi Maumivu. Kisa kikiisha huketi, hujifuta uso, na kumwambia mwanafunzi alivyojisikia: hapa uliniangalia machoni, hapa uliangalia saa, hapa ulinifanya nione haya. Watafiti huyaandika hayo, kisha humfuatilia mwanafunzi huyo mpaka wodini waone kama amebadilika.

Bibi ni mwigizaji hodari kupita kiasi. Mwaka mmoja, katikati ya mtihani, aliteguka kifundo cha mguu alipokuwa akishuka kitandani, akapiga kelele za kweli. Mwanafunzi akamwambia kwa adabu zote, "Samahani mama, tulikuwa kwenye kifua." Bibi akalia, "Mguu, mwanangu, mguu!" Kijana akaendelea, "Sawa, mguu tutaufikia. Kifua kilianza lini?" Nyuma ya kioo, msimamizi alimpa alama nzuri kwa utulivu. Tangu siku ile kitengo kina kengele ndogo chini ya mto, na mgonjwa wa kuigiza akiumia kweli huibonyeza.

Sisi nyumbani hatukuwa na kengele. Nilipokuwa darasa la pili niliwahi kulia tumbo ili nisiende shule. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, kichwa amekiinamisha upande, kisha akasema, "Umeanza vizuri, mke mwenzangu, ila tumbo la kukwepa hesabu halihamihami hivyo. Vaa viatu." Mke mwenzangu ndilo jina analoniita kwa utani, kwa sababu ya babu. Lakini nilipokua niligundua kwamba wake wenza wa kweli walikuwa ninyi, mnaovaa makoti meupe.

Mafanikio yake makubwa, nami nayataja kwa kinyongo kidogo, ni Kiti cha Alhamisi. Kitengo kilikuwa kimeona kwamba wanafunzi waliong'ara kwenye vitabu walianza kuporomoka mwaka wa tatu, mara tu walipoingia wodini. Wakubwa walidhani ni uvivu. Bibi na wenzake walizungumza na walioshindwa, mmoja mmoja, wakakuta kwamba wengi hawakukosa akili. Waliona aibu kusema "sielewi" mbele ya watu. Kwa hiyo Bibi akaweka kiti cha pili ofisini mwake. Kila Alhamisi mchana mlango ulikuwa wazi, na yeyote angeweza kuketi akasema lolote bila kuandikwa popote. Mwanzoni walikuja wa kuhesabika. Siku hizi hupanga foleni mpaka kwenye ngazi, na idadi ya wanaoacha masomo njiani imepungua sana. Mkuu wa kitengo ameyapeleka matokeo hayo kwenye mikutano ya mbali, na kila mara hutaja jina la Bibi.

Ni jambo jema, najua. Lakini nani aliyewahi kuchunguza hali ya mjukuu wa mwenye kiti? Alhamisi jioni nilipata mabaki ya masikio yake. Alikuwa akifika nyumbani amechoka kusikiliza, akijibu "mmh" na "ahaa" hata kwa redio. Na wanafunzi wenyewe wanamwita Bibi, kana kwamba jina hilo halina mwenyewe.

Muhula uliopita nilipata alama mbaya za fizikia. Nilisimama jikoni na karatasi yangu, nikisubiri. Bibi alikuwa kwenye simu na mmoja wenu. "Usilie, baba. Kushindwa somo si kushindwa maisha. Kwanza umekula? Haya, kula, halafu uniambie lile swali lilikuwaje." Aliongea mpaka wali ukashika chini ya sufuria. Alipokata simu aliitazama karatasi yangu, akanipapasa bega. "Fizikia? Utaweza tu. Wewe una kichwa. Haba na haba hujaza kibaba." Mwenzangu alipewa sikio, mimi nikapewa methali.

Likizo iliyofuata niliomba kwenda naye kazini. Nilisema nataka kujifunza. Ukweli ni kwamba nilitaka kuwaona hao wanafunzi, nipime wana nini ambacho mimi sina. Mkuu wa kitengo akaniketisha nyuma ya kioo. Akaingia kijana mrefu ambaye wenzake humwita Mlingoti. Kazi yake ilikuwa kumwambia bibi mmoja kwamba mjukuu wake hakuamka baada ya upasuaji.

Mlingoti alisema vibaya, akasahau, akarudia. Bibi hakupiga kelele. Alishika ukingo wa kiti akauliza kwa sauti ndogo, "Alikuwa na baridi? Kuna mtu alimfunika?" Kisha machozi yakamtoka. Mlingoti akasogeza kiti karibu, akabaki hapo bila neno. "Safi sana," mkuu wa kitengo alinong'ona. Mimi sikuona usafi wowote. Katika miaka yangu yote sikuwahi kumwona Bibi akinililia hivyo. Nilimwonea wivu marehemu ambaye hata hakuzaliwa.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani kwa miguu, nilishindwa kujizuia.

"Bibi, yule mjukuu ulimtoa wapi?"

"Mjukuu yupi?"

"Uliyemlilia."

Alisimama katikati ya njia, akacheka mpaka mkoba ukamteleza. "We mtoto una mambo! Unadhani machozi yanauzwa dukani? Nina mjukuu mmoja tu. Nikitakiwa kulia nakulaza wewe kwenye kile kitanda, basi, yanakuja yenyewe."

"Kwa hiyo umeshaniua mara ngapi?"

"Ah, kila muhula! Ndiyo maana nikifika nyumbani nakushika shavu kabla sijavua viatu. Ulidhani napima homa?"

Nilikuwa nimedhani anapima homa. Nilitembea mpaka nyumbani nikiwa na furaha ambayo sikujua niiweke wapi. Lakini naomba msinielewe vibaya. Wivu haukwisha siku ile. Ulipata sababu mpya. Kama machozi hayo ni yangu, basi na Alhamisi zake nazitaka.

Nami nilikuwa karibu kuzipata. Bibi alikuwa ameniahidi kwamba akistaafu tutasoma pamoja kila jioni, fizikia kwanza. Halafu wiki iliyopita mkuu wa kitengo akaja kwetu, akakaa sebuleni, akamwomba arudi kwa mkataba, siku tatu kwa juma. Alisema wagonjwa wapya wa kuigiza wanalia kabla hawajaulizwa kinachouma, na hakuna wa kuwafunza. Bibi akasema, "Nitafikiri." Ninaijua ile sauti. Mwenye kusema nitafikiri namna ile, mguu mmoja tayari umo kwenye kiatu.

Niliahidi kusema yote, kwa hiyo nasema na hili ambalo hata Bibi hajalisikia. Ninataka kuja kusoma hapa. Nataka siku moja niingie kwenye chumba kile nimevaa koti jeupe, nimwambie mtu habari ngumu bila kuangalia saa. Ila kwa fizikia yangu ya sasa nitaishia getini. Na utafiti wenu wenyewe unasema kwamba msaada hufaa zaidi kabla mtu hajaanguka.

Kwa niaba ya wote walioketi kwenye kile kiti, ahsante, Bibi. Chuo hiki kina madaktari wanaouliza "umekula?" kwa sababu yako. Uwe na afya njema, ulale mchana bila kuamshwa na simu, na usiumwe na chochote, cha kuigiza wala cha kweli.

Sasa kijitabu hiki kiko mkononi mwako. Mkuu wa kitengo ameketi kulia kwako, mimi niko kushoto, na sote tunatabasamu kama watu wasio na haja. Naomba unijibu kabla hujainuka kutoa shukrani: zile siku tatu, Bibi, unampa nani?