Panya Watano na Siku Tatu za Kimya

Marehemu mama yetu, ambaye kazini walimwita Mama Vizimba, alizaliwa tarehe 4 Machi 1955, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga. Bibi alisema ubishi wake ulianza tumboni, kwani alichelewa kuzaliwa wiki mbili nzima.

Alisoma mpaka darasa la nane, akaacha ili amuuguze baba yake. Hata hivyo kusoma hakukoma. Hakuna chupa ya dawa iliyoingia nyumbani asiyasome maandishi yake yote.

Mei 1978 aliajiriwa kuosha vizimba vya panya katika maabara ya utafiti wa minyoo, baadaye akawa mtunzaji wao. Kazi aliimudu, ila kuua panya waliomaliza zamu kulimshinda. Juni 1984, panya watano waliokwisha kuambukizwa minyoo na kutibiwa, badala ya kuwaua, aliwachanganya na wapya. Wote wakapewa minyoo michanga. Walipopasuliwa, wengine walikutwa na minyoo zaidi ya mia. Wale watano, miwili mitatu tu. Daktari mkuu akaja juu. Fundi maabara aliyeandaa minyoo akaambiwa amelipua kazi, akasimamishwa.

Mama alijua ukweli. Alinyamaza siku tatu. Siku ya nne akabisha hodi kwa daktari.

"Hao watano si wapya, daktari. Ni wa jaribio la mwezi wa pili, nilishindwa kuwaua. Kijana wa watu hana kosa."

"Kwa hiyo walishaugua minyoo?"

"Ndiyo. Kama ni barua ya kufukuzwa, nipe leo nijue moja."

Hakupewa barua. Fundi alirudishwa kazini siku hiyohiyo, na jaribio likarudiwa, safari hii kwa makusudi. Majibu yakawa yaleyale: panya aliyeugua akapona, minyoo ikimrudia mwili wake unaijua, unaibana kwenye kuta za utumbo kabla haijakomaa. Maabara iliufanyia kazi ugunduzi huo miaka kumi na mmoja.

Fundi yule ndiye Baba yetu. Walioana tarehe 7 Desemba 1985, wakajaliwa watoto watatu. Kila walipokwaruzana, Baba alisema, "Mtu aliyeninyamazia siku tatu!" Mama akiuliza, "Kwani hujanisamehe?" Baba hujibu, "Bado nafikiria." Sisi tulicheka. Mama naye alicheka, ila si sana.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2019. Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki, akiwatania wauguzi kwamba sasa panya ni yeye. Jumapili, tarehe 11 Februari 2024, jioni, alimshika Baba mkono akamuuliza swali lake lile. Baba, akidhani kesho ipo, akajibu kama kawaida. Mama akatabasamu, akafumba macho. Alifariki kesho yake saa kumi na mbili asubuhi, akiwa na miaka sitini na minane.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba na dada mmoja. Baba ameomba lisomwe neno moja kabla hatujatia udongo, maana yeye sauti haitoki. Anasema utani umemponza. Mama, alikusamehe tangu asubuhi ile ulipotoka ofisini kwa daktari.

Lala kwa amani, Mama.