Kura za Chumbani

Mama: Haloo? Nani mwenzangu? Sema kwa nguvu, miwani imezama kwenye vitambaa, sioni jina.

Kitinda: Ni mimi, Mama, Kitinda wako. Shikamoo!

Mama: Marahaba, mwanangu wa mwisho. Umeamka salama? Umekula?

Kitinda: Nimekula, niko freshi. Mama, vocha yangu ya kubanabana, tuongee chapuchapu. Umesaini?

Mama: Umekula nini?

Kitinda: Mama! Nimekula, nimeshiba, na sala nimesali. Umesaini?

Mama: Sala umeanza lini? [anacheka] Haya, sema. Nina mteja hapa barazani, kiti cha pili, gauni lake limeng'oka vifungo vyote mgongoni. Nisaini nini?

Kitinda: Usinitanie bwana. Mkataba wa mashine ya kura! Leo ndiyo mwisho. Bosi yuko hapa mbele yangu, ananitazama kama paka anayetazama—

Mama: Kitoweo. Msalimie.

Kitinda: Anakusalimu pia. [kwa mbali: ndiyo bosi, ndiye mwenyewe, mwenyekiti wa kamati ya uchaguzi wa soko] Anasema ukisaini tu, kesho gari linashusha mashine, mpya kabisa, na nailoni yake haijatoka.

Mama: Nailoni ni nzuri, inafaa kufunikia majora ya vitambaa. Kitinda, umesikia yaliyotupata juzi kwenye majaribio?

Kitinda: Nimesikia mambo yalikwenda vizuri.

Mama: Nani kakwambia?

Kitinda: Bosi.

Mama: Naye hakuwepo. Basi sikia. Tulikaa wanakamati saba. Nikawaambia, jamani, ili tuipime, sote tumbonyeze Mama Samaki. Tukambonyeza. Mashine ikashukuru, "asante kwa kushiriki", sauti ya binti aliyelelewa akaleleka. Kisha ikatangaza mshindi.

Kitinda: Mama Samaki.

Mama: Bwana Matairi.

Kitinda: Nani?

Mama: Ndivyo na sisi tulivyouliza! Bwana Matairi, kura mia mbili na kumi. Sokoni kwetu hata anayeuza tairi la baiskeli hakuna. Mama Samaki wa watu akashika kichwa: "Mungu wangu, nimeshindwa na mtu asiyekuwepo!"

Kitinda: [anacheka] Aa, Mama, hilo kosa langu! Nilitoka kuionyesha kwa wauza magari chakavu, nikasahau kufuta. Yale matokeo ni ya maonyesho tu.

Mama: Ndivyo alivyosema mwenzako, yule mwenye tai. Akabonyeza huku, akabonyeza kule, tukarudia. Ikatoa saba, zote za Mama Samaki.

Kitinda: Si unaona! Kazi imekwisha hapo. Tatizo liko wapi?

Mama: Tatizo ni kwamba ilipokosea na ilipopatia, sauti ilikuwa ileile.

[mtandao unakwaruza]

Kitinda: —loo? Mama? Umepotea.

Mama: Nipo. Nikamwambia mwenye tai, hebu tufungulie tuone inavyohesabu. Akasema haifunguliwi, programu ni siri ya kampuni. Nikamwuliza, wewe mwenyewe umeiona? Akawa anarekebisha tai.

Kitinda: Lakini ni siri kweli, Mama. Kila mwenye kazi ana siri yake. Wewe mishono yako unampa nani?

Mama: Simpi mtu. Ila mteja akilivaa gauni langu anasimama mbele ya kioo. Likimbana, ataona, na atanisema. Hiyo mashine yenu, kioo chake kiko wapi?

Kitinda: Umeshaanza.

Mama: Sijaanza, nauliza.

Kitinda: Najua nani kakutia maneno. Wale wasichana wa chuo cha ufundi, na ile mashine yao kama redio iliyoanguka.

Mama: Kweli imekaa kama redio iliyoanguka. Na yenyewe ilikosea.

Kitinda: Ehee! Rudia, bosi asikie!

Mama: Mzee wa Vitunguu kidole chake kizito, alikikawiza pale, ikamhesabia kura mara mbili.

Kitinda: Mara mbili! Bosi, umesikia? Mara mb—

Mama: Hujaniacha nimalize. Programu yao iko wazi, anayetaka kuisoma anaisoma. Fundi Simu, huyu wa mlango wa jirani, akavuta benchi, akafungua kompyuta yake, akaisoma palepale. Wakabishana yeye na wale mabinti! Mate yanaruka. Mara mmoja akapiga paja: "Loo, kweli, ni mstari huu hapa." Wakaurekebisha watu wamesimama. Mzee akakawiza tena kidole. Moja.

Kitinda: Na wewe huo mstari uliuelewa?

Mama: Hata chembe. Shule yangu unaijua ilipoishia. Lakini watu wakibishana kweli naona, na wakipatana kweli naona.

Kitinda: Wanaita programu huria, Mama. Nimesomea hizo mimi. Sasa fikiria: kitu kinachosomwa na kila mtu, mwizi naye si atakisoma?

Mama: Kufuli la duka langu, mafundi kufuli wote wa mji huu wanajua lilivyo tumboni. Na mimi nalala fofofo, kwa sababu ufunguo ninao mwenyewe.

Kitinda: Hapo... haya, hapo umenipiga chenga.

Mama: Tena hata hiyo ya mabinti siiachi peke yake. Kila mtu akishabonyeza, hukohuko nyuma ya pazia, atadondosha na kifungo kwenye chombo chetu kama siku zote. Cheupe huyu, cheusi yule. Mashine itupe jibu upesi, watu warudi kwenye biashara zao. Asiyeridhika, tunamwaga vifungo mkekani, tunahesabu kwa sauti.

Kitinda: Vifungo tena! Mama, dunia inakwenda mbele, wewe bado unakokota vifungo?

Mama: Sikokoti, vimetulia hapa kwenye ndoo.

Kitinda: Watu watawacheka.

Mama: Wacheke mbele yetu. Kunong'ona ndiko kunakoua. Kitinda, unaikumbuka ile siku ya mvua?

Kitinda: Mama, tusifike hu—

Mama: Mvua ilipopiga siku ya kura, baba yako, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa mhesabuji, alikimbiza vifungo chumbani visisombwe. Akafunga dirisha. Akahesabu peke yake, kimoja kimoja. Mtu aliyeokota sindano ya jirani akairudisha!

Kitinda: Najua.

Mama: Akatoka akasema kweli tupu. Ila hakuna aliyemwona akihesabu.

Kitinda: Najua, Mama. "Kura za chumbani." Mimi shuleni waliniita Chumbani. Nilipigana mpaka shati likabaki kola.

Mama: Si mimi niliyelishona? Baba yako amekwenda kaburini na jina hilo, na hakuiba hata uzi. Sasa leo mimi, mjane wake, nichukue kura za soko zima nizitie kwenye chumba ambacho hata mlango hakina?

[mtandao unakwaruza]

Kitinda: Bosi anauliza umesemaje.

Mama: Na mimi nina la kuuliza. Masoko yote haya ya mjini, bosi wako alijuaje aanzie kwetu?

Kitinda: [anashusha sauti] Mama, hapa—

Mama: Haloo?

Kitinda: Subiri. Ngoja nitoke nje, humu mtandao mbovu. [mlango; honi; pikipiki inapita] Mama.

Mama: Naam, baba.

Kitinda: Alinichukua kazini wiki ileile uliyochaguliwa mwenyekiti. Barua za maombi nilizotuma huko nyuma hakujibu hata moja. Mimi nikadhani ni dua zako.

Mama: Dua niliomba. Ila jibu lake silo hilo.

Kitinda: Asubuhi kaniambia, usipoleta saini ya mama yako leo, kesho usihangaike kuja.

Mama: Mm.

Kitinda: Na ile mashine, Mama, ndani mimi sijawahi kupaona. Nilimwuliza siku moja. Akaniambia, "Wewe uza, usichungulie."

Mama: Pole, mwanangu.

Kitinda: Na nilishajinunulia tai. Sasa tai zote hizi nizipeleke wapi?

Mama: Zilete. Zinatoa vishikio vizuri vya sufuria.

Kitinda: [anacheka, anavuta kamasi] Ah, Mama bwana.

Mama: Sikia. Kazi siyo mimi niliyekupa, wala sikwambii uiache. Saini sitoi, na utabaki kuwa mwanangu. Mwambie bosi wako lawama zote ni zangu. Sema, mama yangu mjane, hakusoma, mkaidi, kichwani amejaa vifungo. Ataelewa. Atakusamehe.

Kitinda: Nimwambie hivyo?

Mama: Mwambie. Kuitwa mkaidi hakujaniua mpaka leo.

Kitinda: Anakuja huku. Na vocha imeanza kulia, unaisikia?

Mama: Naisikia. Haya nenda, ule vizuri, na usimjibu kwa hasira, mkubwa ni mku—

Kitinda: Mama, subiri! Siku ya kura, hapo mkekani, atahesabu nani?

Mama: Bado hatujapata mtu. Kila tunayemgusa anarudi nyuma, anaogopa kubandikwa jina.

Kitinda: Niweke mimi.

Mama: Wewe? Mtoto wa—

Kitinda: Mtoto wa yuleyule. Nikae katikati, mikono juu ya mkeka, kila mtu anione.

Mama: Na mvua ikinyesha?

Kitinda: Tutalowa.

Mama: Ee Mungu wangu. Ee Mungu...

Kitinda: Haya, Mama, amefika. [kwa mbali] Hapana, bosi, hasaini. Hapana, siyo ukaidi. Hata ningekuwa mimi nisingesai—

[simu inakatika]

Mama: Haloo? Kitinda? Haloo? [kwa mteja] Hapana, bibie, siyo msiba, ni mwanangu tu, vocha imemwishia. Silii, ni vumbi la vitambaa hili. Lete gauni lako. Na hiyo ndoo hapo miguuni, nivutie, tuchambue vifungo, vyeupe upande huu, vyeusi upande ule. Aa-aa, usiingize ndani. Ilete hapa nje, kwenye mwanga.