Bi Nani Kasema Anatuachia Chumba cha Picha

Baada ya miaka thelathini na moja katika maktaba ya chuo chetu cha ualimu, mkutubi wa chumba cha picha anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Barua ya kustaafu alipoipokea aliisoma, akaigeuza nyuma, akainyanyua kwenye mwanga wa dirisha, kisha akapiga simu utumishi kuuliza kama kweli imetoka kwao. Ndivyo alivyo mama huyu.

Wanachuo wanamwita Bi Nani Kasema, maana hilo ndilo swali analompokelea kila anayeingia na picha mkononi. Alianza kazi enzi za slaidi na projekta za kuunguza vidole. Intaneti ilipofika, aliipokea kama mgeni aliyebisha hodi na begi kubwa bila kusema anakaa mpaka lini. Kamera ya kompyuta aliibandika plasta siku ya kwanza, na plasta ipo hadi leo. Mimi, fundi wa kompyuta wa chumba cha pili, niliwahi kuuliza sababu, nikatazamwa mpaka nikaanza kujishuku mwenyewe.

Kazi yake kubwa ilianza mkuu wa chuo alipotaka wanachuo wapate mahali pamoja pa kujifunzia utamaduni wa India kwa picha na video za mtandaoni. Tulidhani ni kazi ya asubuhi moja. Thubutu! Mtandao ulimletea kasri lile lile jeupe, tembo aliyepambwa, na bwana harusi juu ya farasi. Akavua miwani, akauliza kama nchi nzima hiyo haina mtu anayefua nguo, anayechelewa kazini wala anayegombana na mkwewe. Akahamia kwenye tovuti za makumbusho, akatafuta wafumaji wakiwa kazini, walimu wa ngoma wanaoeleza maana ya kila ishara ya vidole, kina mama wanaochora kwa unga mbele ya milango yao. Chini ya kila picha aliandika ni nani, ni wapi, na nani kasema. Isiyo na jibu hilo la mwisho ilitolewa nje bila kuagwa.

Kuna siku alinasa video ya ngoma ambayo maandishi ya duka nyuma ya mchezaji yalisomeka kinyumenyume. Mtengenezaji alikuwa ameigeuza kushoto kulia ili mchezaji aelekee upande aliotaka yeye. Tukampongeza, na hapo ndipo tulipoharibu, maana alianza kukagua mabega. Ncha ya sari, akatufundisha, huangukia bega la kushoto. Ukiiona kulia, ujue picha imegeuzwa. Mabega yote ya India yakawa chini ya uchunguzi.

Mhasibu wetu akaleta picha ya bibi yake. Marehemu bibi huyo alizaliwa India na ndiye aliyemlea, na ile ndiyo picha pekee iliyobaki, ndugu zake wameiweka kwenye tovuti ya familia. Aliomba tu iingie kwenye mkusanyo. Bi Nani Kasema akaona ncha iko bega la kulia, akaikataa mbele ya watu, akaongeza kwamba hata huo ubibi wenyewe angependa kujua nani kasema. Mhasibu akachukua picha yake, akatoka. Tangu siku hiyo akawa anaupita ule mlango kana kwamba ni ukuta. Iliuma, tusidanganyane. Mtu kaambiwa bibi yake ni wa uongo.

Baadaye tukaanza kumshuku mama yetu. Mchana anajifungia, sauti za wanawake zinatoka kwenye spika, kitambaa kinaburuzwa sakafuni. Mtunza bustani aliapa kwamba amemwona dirishani kajiviringisha pazia. Kumbe kweli! Alikuwa amejigeuzia swali lake mwenyewe: kwamba ncha ni kushoto tu, nani kasema? Na video za jumba moja la makumbusho zikamjibu. Wanawake wa Gujarati, jimbo la India alikozaliwa bibi yule, ncha yao hutokea mgongoni, ikapandishwa bega la kulia na kutandazwa kifuani. Bi Nani Kasema akavaa, akavua, akavaa tena, akitafuta kosa. Hakulipata.

Alitoka na pazia lake mwilini, akakatiza katikati ya wanachuo, akasimama mlangoni pa uhasibu na kusema kwamba amekosea, na kwamba anamwomba radhi mjukuu, anamwomba radhi na bibi. Wengine bado tunashuku kama tulisikia vizuri. Mhasibu alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akamwambia kwamba kiunoni kalifunga vibaya. Picha ya bibi sasa ndiyo ya kwanza kwenye mkusanyo, na chini yake imeandikwa: “Bibi wa mhasibu wetu, nyumbani kwake. Kasema mjukuu wake, na inatosha.”

Wiki hii nzima ametuangalia kwa jicho la pembeni kila tuliponong’ona. Mama, tulikuwa tunaandaa sherehe hii tu, wallahi.

Asante kwa macho yako. Nenda ukapumzike, afya iwe nawe, na wajukuu wakuchoshe kwa furaha. Picha iliyo kwenye jalada la kijitabu hiki cha kukuaga amekupiga mhasibu, nawe umeikagua mpaka akakata tamaa. Chini yake tumeandika kwamba huyu ni mkutubi wetu, katika chumba chake cha picha, na tunampenda sana. Ukiuliza nani kasema, tumesema sisi.