Cherehani Wodini

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, daktari wetu wa upasuaji anavua koti jeupe alilolivaa kwa miaka thelathini na mitatu. Wagonjwa walimbatiza Daktari Polepole: nusu kwa sababu ya pole zake, nusu kwa sababu ya foleni yake. Sisi wenzake ndio tulioinung'unikia foleni hiyo. Wagonjwa walikuja na kazi zao za kufuma, wakangoja.

Alianza kama daktari wa zamu katika wodi ya wanaume, akapanda hadi kuwa mkuu wa idara. Aliowafundisha leo wanafundisha wengine. Lakini ukituuliza tunachokikumbuka, wengi tutakutajia yule mzee fundi cherehani.

Aliletwa na mkewe, kisukari kimemla mguu wa kulia hadi kidonda kimeoza. Ilikuwa akatwe mguu au azikwe nao. Madaktari walimweleza kwa zamu, wamesimama, kila mmoja akipaza sauti kuliko aliyemtangulia, kana kwamba mzee ni kiziwi. Akageukia ukuta. Mkewe akaanza kuwapigia ndugu simu waje kumuaga.

Daktari Polepole akavuta stuli, akaketi, akanyamaza. Baadaye sana akamwuliza anaogopa nini. Mzee akajibu kwamba haogopi kisu wala kifo. Cherehani yake ni ya kukanyaga. Akikatwa, atakanyaga na nini? Afadhali afe fundi kuliko aishi ombaomba.

Hakumbishia. Mchana ule ule alituma gari la hospitali, cherehani ikaletwa hadi kando ya kitanda, akamwomba mzee amshonee pazia la wodi lililochanika. Mzee akauegesha mguu mbovu juu ya stuli, akakanyaga kwa wa kushoto. Mwanzoni gurudumu lilirudi nyuma, uzi ukakatika, akatukana kidogo. Kisha ikashika. Wodi nzima ikageuka kutazama, hata waliokuwa wakiugulia, mlio wa cherehani ukiwafikia vitandani. Alipomaliza pindo akakata uzi kwa meno, akasema, "Haya, mwanangu. Mguu uende, mimi nibaki."

Alibaki miaka tisa zaidi, akamshonea binti yake wa mwisho gauni la harusi.

Tangu hapo wengi wetu tumejaribu kuketi kama yeye. Kuketi ni rahisi. Kunyamaza ndiko kazi. Mpaka leo hatujui alikotoa subira ile, na tukimwuliza hucheka tu.

Sasa anarudi nyumbani kwa mumewe, anayedai kwamba aliahidiwa mke siku ya harusi na ndiyo kwanza anakabidhiwa.

Asante, Mama. Umewasikiliza watu hadi mwisho wa maneno yao. Tunakuombea afya tele, usingizi usiokatizwa na simu, na wa kukusikiliza nawe, bila haraka, siku zote za maisha yako.