Balbina na Kutu ya Uvunguni

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Edmund Kalinko; Baba Padri; Bibi Leokadia, mama mzazi wa mgeni rasmi, uliyevuka daraja kwa miguu asubuhi hii na kukikataa kiti cha mbele; wazima moto wenzetu na wanakijiji wote wa Olchowka: tunawasalimu kwa furaha katika sikukuu hii ya Mtakatifu Floriani, msimamizi wetu sisi tunaokimbilia kule wengine wanakokukimbia.

KARIBU NYUMBANI

Mheshimiwa, tunajua umekuja na karatasi ya kumfuta kazi Balbina, gari letu la zimamoto, kwa sababu ya kutu, na kwamba inasubiri saini yako leo. Hatukusimama hapa kubishana na karatasi. Tuna habari ya kukusimulia, kisha tuna ombi moja tu, nalo si la pesa. Kwa hiyo pumua.

HISTORIA

Balbina aliingia kijijini baadhi ya baba zetu wakiwa bado hawajaoa. Dereva wake ni mwenzetu Onufry Sawczuk, aliyemshika usukani akiwa na nywele na bado anamshika sasa akiwa na upara. Kila Jumamosi Onufry alimwosha na kumsugua mpaka ukipita unajiona kwenye mlango. Uvunguni hakuwahi kuinama.

"Huko nani anaangalia?" alikuwa akituambia. "Bwana harusi huangaliwa koti, haangaliwi soli!"

Kutu ilipoanza kuchungulia, Onufry alichemsha lami akampaka Balbina uvungu mzima, siku ya mvua, juu ya kutu iliyolowa. Alitoka huko mweusi, meno nje, nasi tukampigia makofi. Kumbe alikuwa ameufungia unyevu ndani na kuyaziba matundu ya kutolea maji. Kutu ikaendelea kula kwa raha zake, mezani pamefunikwa.

Tena kuna jambo la kabichi. Wote hapa mnajua kwamba kila vuli mapipa yetu ya kabichi ya chumvi yalisafiri ndani ya Balbina, nyumba hadi nyumba, maana hakuna gari lingine lenye sakafu pana kama yake. Maji ya chumvi yalimwagika, yakapenya, yakashuka. Majira yote ya baridi tulikuwa tukiilaani chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, na huku kikulacho ki nguoni mwako. Mheshimiwa, sahani ya kabichi unayoisifu kila mwaka ndiyo iliyomtoboa Balbina.

Vuli iliyopita fundi wako wa ukaguzi alibonyeza sakafu, kidole kikazama. Onufry alirudi nyumbani. Mkewe, Eufemia, alikuja kutuambia, "Njooni mumwone mwenzenu. Amelala na viatu, ameelekea ukutani." Alikuwa akijiona amemuua Balbina kwa mikono yake mwenyewe, na kusema kweli ilituuma sana kumwona hivyo.

MAFANIKIO

Theluji ilipokuwa nene, bomba la moshi la nyumba ya Bibi Leokadia, huko Zarzecze ng'ambo ya mto, lilishika moto. Gari jipya la wilaya lilikuja mbio, likafika kwenye daraja la mbao na kusimama, taa zikizunguka, kwa sababu daraja halibebi uzito wake. Hatulilaumu. Onufry alilipita pembeni na Balbina wake mwepesi, akavuka. Anasema aliuona mto katikati ya viatu vyake.

Moto ulipozimwa, Bibi Leokadia, uso umejaa masizi, alimkuta Onufry anafuta machozi.

"We Onufry, nyumba ni yangu au yako? Unalia nini?"

"Wanamchukua Balbina, mama."

"Anaumwa nini?"

"Kutu."

"Basi mtibuni! Kondoo wangu wananyeshewa mwaka mzima. Umewahi kumwona hata mmoja ana kutu?"

Tulicheka mpaka theluji ikadondoka kutoka kwenye paa. Onufry peke yake hakucheka. Alikaa akikoroga chai isiyo na sukari, kisha akasema, "Mama, sufu uliyokata mwaka jana bado unayo?"

Tangu hapo alihamia uvunguni. Tulimwinua Balbina juu ya magogo, tukamwosha tumbo kwa maji moto, tukamkausha kwa jiko la kuni mpaka akawa mkavu kama mkate uliokaushwa. Tuliibandua lami yote. Tukakwangua kwa brashi za waya. Palipooza tulikata, tukachomelea bati jipya. Palipobaki kutu nyembamba tulipaka dawa inayoigeuza kuwa nyeusi na ngumu, kisha rangi ya msingi. Mabomba ya breki yote ni mapya. Bibi Leokadia alichemsha sufu, akaengua mafuta yake, tukayachanganya na mafuta ya kitani na kuyapulizia hadi ndani ya fremu. Matundu ya maji yako wazi. Balbina sasa ananuka zizi, lakini maji yakimgusa yanateleza.

CHANGAMOTO

Kabichi imehamia kwenye trela la trekta. Kuna mwenzetu, jina tunamhifadhia, aliyejaribu kupenyeza kipipa kimoja tu. Onufry alilala mbele ya gurudumu mpaka kikashushwa. Na leo, Baba Padri, utakapomnyunyizia Balbina maji ya baraka, usikasirike ukimwona Onufry anakufuata nyuma na kitambaa. Imani anayo, ila anasema maji ni maji.

OMBI

Mheshimiwa, kabla ya saini, tunaomba ulale chini. Blanketi tumelitandika, nyundo hii hapa. Mgonge Balbina popote utakapo. Chuma kizima hulia ngo. Kilichooza huguna pwa. Ukisikia pwa hata mara moja, tia saini, na Onufry ameapa kumpeleka mwenyewe kwenye vyuma chakavu. Ukisikia ngo, ondoka na karatasi yako bila saini.

Bibi Leokadia, ambaye bado anakuita Mundek kama ulipokuwa mtoto, ametutuma neno, na hatukuthubutu kulipunguza: "Mwambieni Mundek wangu avue koti. Alipokuwa anakwepa kuoga, uvungu wa kitanda changu aliujua vizuri sana. Mtaka cha mvunguni huinama."

Jioni, sherehe ikiisha, mama yako atavuka daraja kurudi kwake, na atawasha jiko.

Mungu akupe mgongo mwepesi, Mheshimiwa, na sikio la kusikia chuma. Mtakatifu Floriani atulindie nyumba zetu, za ng'ambo hii na za ng'ambo ile.

Ni sisi,
Kikosi cha Zimamoto cha Kujitolea, Olchowka, pamoja na Balbina.